Nachambua kila kitu, mbona uhakika haupatikani?

«Shikamoo daktari. Mimi ni mwanamke wa miaka 34, kazi yangu ni kuchambua takwimu. Nimepewa nafasi ya kazi kwenye taasisi nyingine na wamenipa wiki tatu niwajibu. Nimebakiwa na siku 12. Kazi niliyo nayo naijua, bosi wangu namjua, hata matatizo yake nayajua. Hiyo mpya ina mshahara mzuri zaidi, ila mkataba ni wa miaka miwili na sijui baada ya hapo itakuwaje. Nimetengeneza jedwali la kuzilinganisha. Lilianza na mistari 10, sasa lina 43, na kila mstari nimeupa alama. Nikiamka saa nane usiku nalifungua, nabadilisha alama kidogo, naangalia ipi inashinda. Wiki iliyopita ilishinda kazi mpya, nikaogopa, nikarekebisha alama mpaka ikashinda ya zamani, na bado sikutulia. Mume wangu nimemuuliza anaonaje mara nyingi mpaka siku hizi ananijibu bila kuinua macho. Hata mambo madogo niko hivyo: ujumbe mmoja wa kazini naweza kuusoma mara kumi kabla ya kuutuma. Niliwahi kufanya kipimo cha haiba kikasema mimi ni aina ya watu wachambuzi. Je, watu wa aina yangu tunapataje uhakika kabla ya kuamua? Au ndivyo nilivyoumbwa?»

Marahaba. Barua yako nimeirudia mara kadhaa, na kila mara nimesimama palepale: kazi mpya iliposhinda uliogopa, ukarekebisha alama mpaka ikashinda ya zamani. Kama jedwali lile lingekuwa bado linatafuta taarifa, ushindi wa upande wowote ungekuwa habari kwako. Wewe ulipewa jibu ukalikataa, ukaomba jingine, nalo likakushinda kulala nalo. Kwa hiyo ikifika saa nane usiku jedwali hilo haliko kwenye uchambuzi tena. Limegeuka ramli. Unalitaka likwambie miaka miwili ijayo itakuwaje, na hilo halimo ndani yake hata ukiongeza mistari mia.

Unauliza namna ya kupata uhakika kabla ya kuamua. Nitakujibu swali la jirani yake, namna ya kuamua vizuri wakati uhakika haupo. Swali nimeligeuza kwa makusudi, kwa sababu lile la kwanza ndilo linalokunyima usingizi.

Tuanze na hiyo «aina» yako. Vipimo vinavyowagawa watu kwenye makundi vina utamu wake, mtu anajiona kaeleweka, lakini binadamu hawakai kwenye visanduku namna hiyo. Sifa za haiba zinafanana na urefu wa mwili: kuna warefu, kuna wafupi, na walio wengi wako katikati. Tena katika mfumo wa sifa tano kubwa, ambao watafiti wa haiba wanautegemea zaidi, umakini na utaratibu ni sifa moja, na wepesi wa kuingiwa na wasiwasi ni sifa nyingine kabisa. Kwako zimekutana, ndiyo maana unaziona kama kitu kimoja. Nimewahi kukaa na watu wachambuzi kukuzidi wewe, wanaohesabu kila kitu, na usiku wanalala fofofo. Hesabu hazikukosesha usingizi. Kilichokukosesha usingizi ni kazi ya pili uliyozipa hesabu hizo, kazi ya kutuliza hofu. Uchambuzi wako usiuonee aibu wala usijaribu kuuacha. Tunataka urudi kwenye kazi yake.

Sasa kwa nini kutojua kunauma kiasi hiki? Mwaka 2016 watafiti wa University College London walichapisha jaribio ambalo huwa napenda kuwasimulia wanaokuja kwangu. Watu 45 walicheza mchezo wa kompyuta: unaonyeshwa jiwe, unakisia kama chini yake kuna nyoka. Nyoka akiwepo, unapigwa shoti ya umeme mkononi, shoti ya kuuma isiyodhuru. Uwezekano wa nyoka kuwepo ulikuwa ukibadilika katikati ya mchezo. Watafiti walipima jasho na mboni za macho, wakawauliza pia wachezaji wanajisikiaje. Ungetegemea msongo upande zaidi pale mtu anapojua kabisa kwamba shoti inakuja. Haikuwa hivyo. Msongo ulifika kileleni pale uwezekano ulipokuwa nusu kwa nusu.

Soma tena tokeo hilo ukiwa umeiweka barua yako pembeni. Mwili unaona nafuu kulijua baya kuliko kutojua lolote. Siku zako hizi 12 huenda ndizo kipindi kigumu kuliko chochote utakachokutana nacho katika kazi yoyote kati ya hizo mbili, kwa kuwa sasa hivi uko nusu kwa nusu. Ugumu unaousikia si ushahidi kwamba uamuzi wenyewe ni wa hatari. Wengi huchanganya hapo. Wanadhani kwa vile tumbo linawakaza, basi kuna jambo wamelisahau, wanarudi kutafuta.

Jaribio lile linamhusu kila mtu. Tofauti kati ya mtu na mtu ilishughulikiwa katika miaka ya 1990 na wanasaikolojia wa Québec nchini Kanada, akiwemo Michel Dugas na Mark Freeston. Walikuwa wanachunguza watu wanaosumbuliwa na wasiwasi usiokatika, na wakaona kitu kimoja kinajirudia: watu hao hawaogopi tu baya linaloweza kutokea, wanaogopa kule kutojua kwenyewe. Wakatengeneza dodoso la maswali 27 la kupima hali hiyo, nasi huwa tunaiita kutovumilia mashaka. Imezoeleka kuifananisha na mzio. Vumbi kidogo linalompita mwenzako bila habari, wewe linakupigisha chafya mfululizo. Mwenye mzio wa mashaka hahitaji hatari kubwa, nafasi ndogo tu ya kutojua inatosha.

Mzio huu unalishwa, na unalishwa na vitu vinavyoonekana vya busara. Chukua ule ujumbe wa kazini. Umeuandika, mistari minne. Kidole kiko juu ya kitufe cha kutuma. Tumbo linakaza kidogo: hili neno «naomba» hapa halitaonekana kama nalazimisha? Unasoma tena. Hakuna kosa. Tumbo linalegea. Ahueni hiyo ya sekunde chache ndiyo malipo, na ubongo haupuuzi malipo. Unaandika kwenye daftari lake: tulisalimika kwa sababu tulikagua. Haupati kamwe nafasi ya kujifunza upande wa pili, kwamba ungesalimika hata usingekagua. Kesho tumbo litakaza mapema zaidi na litadai kusoma mara kumi na moja. Ndivyo jedwali lilivyotoka mistari 10 likafika 43. Ndivyo pia swali kwa mumeo lilivyogeuka dawa ya usiku mmoja mmoja. Jibu lake linakutuliza mpaka kesho yake, na nguvu zake zinazidi kupungua, maskini ya Mungu, naye kachoka.

Najua utaniambia wasiwasi ndio akili. Msemo huo una ukweli wake na siwezi kuupinga wote. Aliyehofia mvua akaezeka mapema hakunyeshewa. Lakini uangalie vizuri: akili iko kwenye kuezeka. Wasiwasi unapokusukuma kufanya jambo ambalo linabadilisha kitu, huo ni akili. Ukishaezeka, kisha ukakesha unahesabu mabati, huo hauna jina la akili.

Mchumi wa Marekani Frank Knight aliweka mstari mwaka 1921 ambao wewe kama mtu wa takwimu utauelewa haraka kuliko mimi. Alitenganisha hatari inayopimika na mashaka yasiyopimika. Dadu ikirushwa, hujui itaangukaje lakini unajua nafasi zake, moja kati ya sita. Kazini kwako unaishi na hatari za namna hiyo. Una data, una makosa ya makadirio, una namba. Kama utaelewana na mkuu wako mpya haina jedwali la nafasi. Haijawahi kutokea mara elfu moja kwako ikaandikwa. Ukiipa alama 6 au 7 umeivalisha namba tu, na namba hiyo inakufanya udhani unajua kitu. Hapo, kwa maoni yangu, ndipo watu wa hesabu wanapoumia kuliko wengine.

Basi lichape jedwali kwenye karatasi, lote, mchana, ukiwa umeshakula. Pitia mistari 43 na kila mmoja uandikie herufi. T ni kwa ule ambao kuna mtu au hati inayoweza kuujibu ndani ya siku 12 hizi. W ni kwa ule ambao utajibiwa na wakati peke yake. Mkataba una kipengele cha kuongezwa muda? T. Aliyekuwa na nafasi hiyo kabla yako aliondoka kwa nini, na alikwenda wapi? T, tena hii ni T ya thamani, watu huionea haya kuiuliza. Notisi ya kuacha kazi ni ya muda gani, bima inawahusu watoto, likizo ni siku ngapi? T zote. Nitapenda kazi ile baada ya mwaka? W. Nitajuta? W. Uchumi utakuwaje mkataba ukiisha? W. Kuna michache itakutega: «bosi mpya ni mtu wa namna gani» inaonekana W, lakini nusu yake ni T, kwa sababu unaweza kuomba mazungumzo ya nusu saa naye kabla ya kusaini, na mwajiri makini hatakataa.

Mistari ya T itafutie majibu ndani ya siku nne. Ya W ifute. Najua kufuta kutakuuma, pengine ni zaidi ya nusu ya kazi yako. Usiipe alama za kati wala usiihamishie jedwali lingine. Ifute.

Halafu weka masharti kabla ya majibu kufika. Herbert Simon, aliyepata Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 1978, alionyesha kwamba katika maisha halisi mtu hawezi kutafuta kilicho bora kuliko vyote, kwa sababu kutafuta kwenyewe kunagharimu na akili ina mpaka. Anachoweza ni kuamua mapema kinachotosha ni kipi, kisha achukue cha kwanza kinachofika hapo. Wahenga walishalisema hilo: mchagua nazi hupata koroma. Andika masharti matatu au manne tu ambayo kazi mpya lazima itimize, na uandike siku na saa ya kuamua. Mathalani: siku ya tisa, saa nne asubuhi. Ikitimiza, unakubali. Isipotimiza, unabaki. Baada ya saa hiyo hakuna taarifa mpya inayoruhusiwa, isipokuwa mwajiri mwenyewe akibadilisha kitu kwenye mkataba.

Kabla ya siku hiyo, ipe hofu yako zamu moja rasmi. Mwanasaikolojia Gary Klein alieneza zoezi ambalo nalithamini sana: jiweke miezi 18 mbele, kazi mpya imeharibika vibaya, kisha andika kwa dakika ishirini imeharibikaje. Kwa kila sababu andika hatua ya kwanza ambayo ungechukua. Halafu, na hili karibu kila mtu husahau, lifanye zoezi hilohilo kwa kubaki ulipo. Umebaki, miezi 18 imepita, mambo yameharibika. Sababu zitakuja, nakuhakikishia. Kazi yako ya sasa umeizoea, na mazoea yamevaa nguo za uhakika. Nayo kesho yake huijui.

Watakaokuambia «fuata moyo wako» nia yao ni njema, ila siwaungi mkono kwa mtu aliye katika hali yako. Moyo wako kwa sasa unapiga kengele kila upande. Ukiufuata utakimbilia popote kengele inaponyamaza haraka, na mara nyingi hapo ni pale ulipozoea.

Yote hayo ni ya uamuzi huu mmoja. Mzio wenyewe unatibiwa kwa mambo madogo, na ujumbe wa kazini ndio mahali pazuri pa kuanzia. Kesho chagua ujumbe usio na uzito mkubwa. Kabla hujautuma, andika pembeni unachotabiri: «Ataona nina kiburi, hatajibu.» Usome mara moja, utume, uache simu chumba kingine. Tumbo litakaza. Usilitulize kwa kuusoma tena kwenye orodha ya zilizotumwa wala kwa kumuuliza mwenzako. Kwa watu wengi mkazo hupanda, kisha hushuka wenyewe bila kufanyiwa lolote, na kushuka huko ndiko somo. Jioni andika kilichotokea karibu na ulichotabiri. Fanya hivyo kila siku kwa wiki mbili, ukipanda ngazi taratibu: leo ujumbe, kesho kumwachia mwingine achague mahali pa kukutana bila kuuliza maswali, keshokutwa kuwasilisha ripoti baada ya ukaguzi mmoja badala ya mitatu.

Wewe unaamini data, kwa hiyo zikusanye. Utafiti wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania State, Marekani, uliochapishwa mwaka 2020 uliwafuatilia watu wenye tatizo la wasiwasi uliokithiri waliokuwa wakiandika hofu zao na kuzifuatilia kama zimetimia. Asilimia 91 ya hofu hizo hazikutimia. Kikundi kilikuwa kidogo, usiichukue namba hiyo kama sheria. Chukua njia yao, uipate namba yako mwenyewe.

Saa nane usiku nayo ina dawa yake, iliyojaribiwa na mwanasaikolojia Thomas Borkovec na wenzake tangu 1983. Tenga nusu saa kila siku, saa ileile, kiti kilekile, mbali na kitanda, ya kuwaza. Wasiwasi ukija nje ya saa hiyo unaandika neno moja kwenye karatasi na kuuambia usubiri zamu yake. Siku za kwanza hautatii. Endelea. Na kompyuta isilale chumbani.

Mumeo mweleze wazi, wala usiishie kumwambia «nisaidie». Mwambie: «Nikikuuliza tena unaonaje kuhusu ile kazi, naomba uniambie umeshanijibu, kisha unishike mkono.» Mpe ruhusa hiyo kwa mdomo wako, asije akajiona mkatili.

Sitakuficha gharama yake. Wiki ya kwanza wasiwasi utapanda, kwa sababu umeuondolea kinachoutuliza. Na ukifuata haya yote, kazi mpya bado inaweza kuharibika. Uamuzi mzuri na matokeo mazuri ni ndugu, si pacha. Ninachoweza kukuahidi ni kwamba utakuwa umeamua kwa vitu vilivyokuwa vinajulikana, na utakuwa umelala.

Kuna mahali ambapo barua haitoshi. Kama wasiwasi huu umekuwepo siku nyingi kuliko zisizo nao kwa miezi sita au zaidi, ukiambatana na kukosa usingizi, uchovu, hasira za karibu, misuli kukaza au akili kutotulia kwenye jambo, nenda kaonane na mwanasaikolojia au daktari wa afya ya akili ana kwa ana. Nenda pia kama kukagua na kurudia kunakula zaidi ya saa moja kwa siku, kwani huenda ni tatizo jingine lenye tiba yake. Moyo ukienda mbio au unapungua uzito, anza kwa daktari wa kawaida apime tezi ya thairoidi na kukuuliza kiasi cha kafeini unachokunywa. Na ukijikuta unatumia pombe au vidonge ili ulale, au mawazo ya kutotaka kuishi yamekupitia hata mara moja, usisubiri siku ya kuamua kazi. Nenda leo, na usiende peke yako.

Huko utaelezwa tiba ya fikra na tabia, ambayo ina ushahidi mzuri kwa tatizo hili na kwa kawaida huchukua miezi michache tu. Muulize mtaalamu kama hufanya mazoezi ya kuvumilia mashaka, si mazungumzo peke yake. Mtu wako wa kufaa atajua unasema nini. Dawa nazo zipo, zile zinazotumika pia kwa sonona, na zinawasaidia wengi. Zinachukua wiki kadhaa kufanya kazi, zina madhara ya kujadiliana na daktari, na haziachwi ghafla. Wapo wanaotumia tiba zote mbili kwa pamoja, wapo wanaotosheka na moja.

Siku moja baada ya kutuma jibu lako, lolote liwe, asubuhi mapema litakuja swali: je, nimekosea? Litakuja hata kama umechagua vizuri, ni mzio ule ule. Liandike kwenye karatasi ya nusu saa yako, jedwali usilifungue. Na hilo zoezi la ujumbe wa kwanza, ukishalifanya niandikie mambo mawili: ulichotabiri na kilichotokea.